Mikono Isiyoshika Hina

Rukiya, mwana wa Mama,

Salamu zangu zikufikie huko uliko. Kama Mama yuko karibu nawe, na najua yuko, mpe zake wewe, maana mimi nikimsalimu mwenyewe ataitikia huku anakutazama wewe.

Naanza kwa lawama, usistaajabu. Mimi ndiye mkubwa. Nilitangulia kuja duniani, na kwa haki ningetangulia kutoka. Lakini wewe tangu utoto hukujua kungoja zamu. Umenipita, umefika kwa Mama kabla yangu. Nakuona kama nipo hapo: amekusogelea, amekufunika kwa mtandio wake, anakuuliza kama ndiani uliona baridi. Na mimi nimebaki huku Pate na goti langu bovu, nagombana na kuku wa jirani.

Nakuandikia kwa mkono wangu. Cheka ukitaka. Daftari ni la mtoto, kalamu ni ya mtoto, na mistari inapanda na kushuka kama ngazi za nyumba ya zamani. Wewe ulipelekwa skuli mpaka ukamaliza. Mimi nilitolewa darasa la pili kwa kuwa Mama alitaka mtu wa kuteka maji. Haya machache niliyonayo niliyapata ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, nimekaa na wanawake wenzangu tunaazimana miwani. Unakumbuka ulipoolewa Kizingitini ukaniletea barua ya kurasa mbili? Niliitia kwenye kidaka cha ukutani, sikukujibu. Ukawaambia watu Mwanaidi ana kiburi. Kiburi ninacho, sikatai. Lakini barua ile ingebidi nimpe mtu anisomee, na sikutaka mtu ajue kwamba mdogo wangu anajua na mimi sijui. Basi jibu lako ndilo hili. Limekawia kidogo.

Habari za huku. Mumeo hajaoa, lakini ndevu ameshazitia hina, kwa hiyo wewe jua. Biashara yake ya kamba inaendelea, na tangu ufe hajaniletea hata mmoja. Ulipokuwa hai nilikuwa naletewa kamba wamelazwa kwenye barafu, nikawa nawaambia watu hapa kwamba wananuka. Hawakuwa wananuka. Niliwasingizia kwa sababu walitoka kwako.

Na mtoto yuko kwangu. Hilo ndilo lililonikalisha na kalamu.

Uliagiza wewe. Zuhura, binti yako, alipokwenda kufanya kazi Uarabuni alikuachia Swafiya ana miaka minne, ukamlea mpaka kumi na mmoja, na kitandani pako pa mwisho ukasema, "Swafiya mpelekeni kwa dada." Baada ya arobaini wakamleta. Alikuja kwa bodaboda, mfuko mmoja, champali zako mguuni zinamzidi vidole vitatu. Nikamuuliza aliyemleta, "Kwa nini mimi? Kizingitini nzima wamekwisha watu?" Akanijibu, "Ni wasia wa marehemu, Bi Mwanaidi. Ni amana." Nikasema alhamdulillahi kwa mdomo. Moyoni nilisema: Rukiya amekufa, na bado anataka nimlishe.

Unajua nina maana gani. Usijifanye umesahau.

Siku ya Arafa, kila mwaka. Mama ataponda majani ya hina mwenyewe, atayachunga, atayakanda kwa ndimu na chai ya rangi mpaka nyumba nzima inuke. Baada ya alasiri atakuita. "Rukiya, ndoo mama. Ndoo uketi hapa." Utakaa kwenye kitanda chake, utanyoosha viganja, atakupaka taratibu kama anayepaka samli mkate, kidole kwa kidole, kisha atakufunga matambaa. Na mimi nimesimama mlangoni nimenyoosha yangu. Mimi, Mwanaidi, niliyezaliwa siku ya Idi nikapewa jina lake. Atasema bila kugeuka, "Wewe mikono yako haishiki hina. Ni mikono ya kazi. Nenda kachochee moto."

Na mwenye mikono iliyofungwa hafanyi kitu. Hapeleki maji, hapepei mkaa, hajikuni. Kwa hiyo magharibi ikiadhiniwa, na sote wawili tumefunga ile Arafa ya kitoto ya kutaka sifa, ilikuwa lazima nikufuturishe wewe kwanza. "Mwanaidi, mpe mwenzio mai." Tende kinywani mwako, tende yangu mkononi mwangu. Kikombe kwako. Kisha uniambie, "Dada, nikune pua. Si hapo. Juu." Nikakukuna. Ndipo nilipokula.

Nikilalamika, jawabu lilikuwa moja: "Wewe mkubwa, utafahamu." Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nifahamu nini? Wewe ulilala kitandani kwa Mama, na Mama ni mmoja, ana ubavu wa kulia na wa kushoto, na wewe ulikuwa ukigaragara usiku ukichukua pande zote mbili. Mimi nililala kwenye mkeka karibu na mlango, eti nisikie mtu akibisha. Hakuna aliyebisha miaka ile yote. Nani angekuja?

Hata nilipoolewa. Somo wangu aliyenifunda alinitia hina ikaja nyeusi kama kokwa la ukwaju, wanawake wakapiga vigelegele. Nikamwonesha Mama. Nilimtilia viganja mbele ya macho. Akavitazama, akasema, "Somo wako ametia piko." Hakutia piko wala rangi nyeusi yoyote ya dukani, Rukiya. Mungu ni shahidi, ilikuwa hina tupu. Lakini Mama aliposema vile, hata mimi nikaanza kumshuku yule mwanamke masikini. Tangu hapo sikutia tena. Nikawaambia watu haishiki.

Sasa sikiliza Idi Kubwa ya mwaka huu, ya kwanza bila wewe.

Mwanangu alikuja kutoka Mombasa na mkewe na Maimuna, mjukuu wangu. Wameshuka Manda kwa ndege, wakavuka kwa mashua mpaka huku, Maimuna anatapika njia nzima na bado amekamata simu. Ana miaka kumi na mitatu. Ni mtoto mzuri, ana maneno matamu, anajua kumwambia mtu "Bibi, nimekukosa" hata kama hakukukosa. Simlaumu. Hakuomba apendwe zaidi, kama wewe nawe hukuomba.

Hilo nimeliandika nikataka kulifuta. Acha likae.

Siku ya Arafa baada ya alasiri nikamwita Bi Barke wa nyumba ya pili aje na hina yake. Maimuna alitaka ile ya kuchorwa maua kwa koni, nikamwambia kwangu hina ni majani. Akakaa kwenye kitanda changu. Bi Barke akampaka, akamfunga matambaa, vizuri kabisa. Swafiya alikuwa amesimama mlangoni.

Nitakuambia alivyosimama. Alisimama na uso wako. Uso ule ule, nyusi zile zile, kama umeng'olewa kwako ukabandikwa. Tangu aje nilikuwa siwezi kumtazama sana. Akitabasamu nasikia moyo unachoma, nasema huyu ndiye, huyu ndiye aliyelala upande wa kulia na wa kushoto. Nilikuwa namtuma. Maji, mkaa, dukani, rudi dukani. Anakwenda, hanung'uniki, na hilo nalo linaniudhi.

Bi Barke akasema, "Na huyu je? Ndoo mwanangu, leta mikono." Mtoto akainyoosha.

Mimi nikasema, "Huyo mwache. Mikono yake haishiki hina. Swafiya, nenda kachochee moto."

Sauti haikuwa yangu, Rukiya. Hata kile kikohozi kidogo cha Mama mwishoni kilitoka.

Bi Barke amekua nasi, anajua kila kitu cha nyumba ile. Akaweka bakuli chini. "Mwanaidi," akaniambia, "maneno hayo nimepata kuyasikia mahali." Nikamjibu, "Wewe funga matambaa, mdomo wangu niachie mwenyewe." Akanyamaza, lakini alinyamaza kwa kelele, unamjua.

Magharibi ikaingia. Swafiya alikuwa amefunga, hakuna aliyemlazimisha. Akachukua tende akampeleka Maimuna kinywani. Akamshikia kikombe. Maimuna anacheka, "Nikune pua, si hapo, juu," na mwenziwe anamkuna, na tende yake yeye iko mapajani inamngoja.

Nikatazama. Unataka ukweli? Nilifurahi. Usiniombe niseme uongo kwa maiti. Nilisema moyoni: haya Mama, tazama, sasa ni mjukuu wa Rukiya anayelisha. Nilingojea siku hiyo miaka sitini na nikaila kama halua. Nikalala vizuri.

Asubuhi ya Idi wanaume wamekwenda msikitini, takbira zinasikika, mimi niko jikoni nageuza nyama ya pilau. Swafiya akaja. Mkono wa kulia ameufumba.

"Bibi, usinikasirikie."

Nikamwambia, "Umevunja nini?"

Akaufumbua. Katikati ya kiganja palikuwa na duara jekundu, dogo kama kifungo cha kanzu. Alipoosha vyombo jana aliona hina imebaki chini ya bakuli. Akaikwangua kwa kidole, akajibandika mahali padogo, akalala amefumba ngumi ili isimwagike.

"Imeshika, Bibi. Tazama. Nilitaka kujaribu tu." Akauinua mkono mpaka karibu na pua yangu. Alikuwa na furaha, Rukiya, hakuwa amekuja kunishitaki. "Unafikiri Mungu amenibadilishia mkono kwa ajili ya Idi?"

Nikakaa. Palikuwa na mbuzi ya nazi, nikaikalia hivyo hivyo.

Mdogo wangu. Bakuli lile la Mama nilikuwa naliosha mimi. Kila mwaka. Na hina ilikuwa ikibaki chini, ya kutosha kidole, mwaka mwingine ya kutosha kiganja kizima. Niliimwaga. Sikujaribu hata siku moja. Niliambiwa haishiki, nikaamini, nikaimwaga kwa maji.

Na mtoto huyu nilimwambia mimi.

Nikauzima moto. Ndiyo, wa pilau. Nikamtuma Maimuna kwa Bi Barke, "Mwambie alete majani yaliyobaki na aje na mdomo wake, leo namruhusu." Nikayaponda mwenyewe. Goti linalia, mimi naponda. Nikamkalisha Swafiya kitandani kwangu, nikampaka kidole kwa kidole. Nilikuwa sijui kufunga, nilimfunga kama kifurushi cha papa mkavu, Bi Barke akafungua akafunga upya huku anatoa machozi na kujifanya ni moshi. Moshi gani, moto nimeuzima.

Wanawake wakaanza kuingia kutoa mkono wa Idi, wamefukiza udi, wamejipamba, wakakuta mtoto amekaa na mikono iliyofungwa. "Bi Mwanaidi! Hina siku ya Idi yenyewe? Au wamwandalia ya mwakani?" Wakacheka. Nikawaambia, "Kwangu Idi ndiyo inaingia sasa. Anayetaka pilau ataingoja, anayetaka kucheka acheke akiwa na njaa." Pilau ilipoiva nikakaa mbele yake nikamlisha kwa mkono wangu, mbele yao wote, tonge kwa tonge. Maimuna akanuna, "Mimi Bibi hukunilisha." Nikamwambia, "Wewe una mikono." Kisha nikamhurumia, nikampa tonge moja. Moja tu.

Nilipokuwa nampaka nilimuuliza mtoto, "Kwani Rukiya hakukutia hina hata mara moja?" Akasema kwenu hina haikuingia nyumbani. Kwamba ulikuwa hutii, wala hupendi harufu yake. Kwamba ulimwambia ukiinusa unamsikia mtu analia jikoni.

Sikulia siku ile. Usinizulie.

Lakini siku yenyewe naijua. Mimi na lile sufuria kubwa la wali, nimeshindwa kuliinua. Wewe ukashuka kitandani, ukayavuta matambaa kwa meno, ukaja na viganja vimejaa tope la hina ukashika upande mmoja, mimi mwingine, tukaliteremsha. Hina yako ikaharibika yote. Mama akanipiga mimi. Miaka yote hii nimewahadithia watu: siku ile nilipigwa kwa ajili ya Rukiya. Ni kweli, nilipigwa. Ila sikupata kumwambia mtu yeyote ulikuja jikoni kufanya nini.

Na nilikuosha mimi, ulipokufa. Niliiona mikono yako mitupu, myeupe, kucha hazina kitu, nikadhani ni ugonjwa umekula rangi. Miaka yote nakuja kwako Idi, nakaa kwenye kochi lako, sikuwahi kukutazama mikono. Nilikuwa natazama vyombo vyako.

Basi hata hapo umenishinda. Mimi sikupata kuacha kitu chochote kwa ajili yako. Wewe uliacha hina, ukakaa kimya, ukaniacha nikuonee wivu kwa kitu ambacho hata huna. Kwa nini hukusema? Una mdomo, una skuli, una barua za kurasa mbili. Pengine ulisema kwenye ile barua. Nimeitafuta kwenye kidaka, mchwa wameila. Nimekaa na vipande vyake mkononi, na sasa najua kusoma, na hakuna cha kusoma.

Nisamehe. Hapo nilitoka kidogo, nimerudi.

Siku ya tatu ya Idi wageni walikuwa wamekwisha kuondoka. Swafiya mikono yake imekuja myekundu ya kuiva, anatembea ameinyoosha mbele kama mtu anayebeba mayai. Akaniambia, "Sasa zamu yako." Nikamwambia mikono hii ni gome la mkungu, usipoteze majani ya watu. Akasema, "Tutajaribu mahali padogo." Alianza padogo. Akaendelea mpaka akamaliza yote miwili, akanifunga. Nikakaa. Rukiya, mimi nikakaa! Kuku wa jirani akaingia mpaka sebuleni na sikuweza kumfanya kitu.

Ikafika wakati wa kula. Akaleta tende. "Fungua kinywa, Bibi."

Nimejaribu kukumbuka ni nani mwingine aliyepata kunilisha. Nimekaa na kalamu hapa nafikiri, sijampata.

Nilipoitafuna akasema, "Bibi Rukiya alikuwa ananitolea kokwa kwanza." Wivu ukanishika palepale, na tende yangu mdomoni. Nilitaka kumrudisha Kizingitini kwa bodaboda ile ile. Nikamwambia, "Haya, na mimi nitolee." Akanitolea.

Imeshika. Imeingia mpaka kwenye mistari ya kiganja. Naitazama sasa hivi ninapoandika, na kalamu inaonekana ngeni kwenye mkono mzuri kama huu.

Sasa ahadi, maana karatasi inakwisha na mtoto anataka daftari lake. Amana yako nimeipokea mara ya pili. Mara ya kwanza nilipokea kwa mdomo. Mtoto huyu hatalala mlangoni. Analala kitandani kwangu, na ana mateke kama punda, amerithi kwako. Skuli ataisoma mpaka aichoshe. Arafa ijayo, tukijaaliwa, Maimuna na yeye watafungwa hina wote wawili, na mimi nitachochea moto nikiwalisha, na atakayeniambia "si hapo, juu" nitamkuna na upawa. Na nikisahau, nikaisikia tena ile sauti inatoka kinywani mwangu, Bi Barke nimempa ruhusa mbele ya watu anizibe mdomo.

Nakuombea kaburi lenye nafasi na nuru. Namwombea na Mama. Kwake naomba mafupi, lakini naomba.

Sijakusamehe yote. Ya skuli nimesamehe leo. Ya kitanda bado. Kwa hiyo nisikilize: sina haraka ya kuja, nina mtoto wa kulea. Lakini siku nitakayokuja, sogea. Niachie upande mmoja wa Mama, mmoja tu, wowote. Nitamwekea viganja vyangu mbele ya macho. Na akisema ni piko, Rukiya, mara hii mjibu wewe.

Dada yako mkubwa,
Mwanaidi